Teria gani kwa wipeti? Ulinganisho wa machotara manne kwa anayetafuta lacha mdogo wa kazi

Nchini Uingereza mbwa aitwaye lacha hana daftari la usajili wala vipimo rasmi vya umbo. Ni chotara wa mbwa wa mbio, yaani greihaundi, wipeti au jamaa zao, na mbwa wa kazi kama vile teria, yaani mbwa wadogo washupavu waliofugwa kuwafuata wanyama mashimoni, au mbwa wa kuchunga kondoo. Ukubwa wake hutegemea wazazi wake, na lacha wadogo, wale wasiozidi nusu mita begani, kwa kawaida hutokana na wipeti na teria. Makala haya yanalinganisha michanganyiko minne ambayo mtu anayetafuta mbwa wa namna hiyo hukutana nayo mara nyingi zaidi: wipeti kwa Bedlington, kwa Border, kwa Jack Russell na kwa Patterdale. Yamekusudiwa wasomaji wanaoishi Uingereza, ambako kazi hii ina nafasi yake kisheria. Nchini Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu mwaka 1977, na nchini Tanzania haufanywi bila leseni, kwa hiyo ushauri huu usihamishiwe huko.

Sungura anayehusika hapa ni yule achimbaye mashimo na kuishi kwa makundi, ambaye leo huharibu nafaka, mboga na malisho. Sheria ya wanyama waharibifu ya mwaka 1954 humtaka mwenye kutumia ardhi awadhibiti sungura hao, na ndiyo maana wakulima wengi humkaribisha kwa moyo mkunjufu mtu mwenye fereti wachache, yaani wanyama wadogo wembamba wanaofugwa ili waingizwe mashimoni kuwatoa sungura, pamoja na nyavu na mbwa mmoja mtulivu. Sungura mkubwa wa nyikani, yule asiyechimba bali hulala juu ya ardhi na kukimbia mwendo mrefu sana, ni habari nyingine kabisa. Tangu Sheria ya Uwindaji ya mwaka 2004 ilipoanza kutumika Februari 2005, kumfukuza kwa mbwa katika England na Wales ni kosa, isipokuwa mbwa anapotumwa kumleta aliyekwisha kupigwa risasi. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya lacha mdogo awe na maana. Lacha mkubwa mwenye damu nyingi ya greihaundi aliumbwa kwa mbio ndefu katika uwanja wazi, ilhali sungura wa mashimo hula karibu na kwake na hurudi shimoni kwa kufumba na kufumbua. Anayehitajika ni mbwa anayefyatuka upesi, anayeweza kugeuka ghafla kando ya ua wa miiba, na anayeweza kusimama bila kuumia mbele ya waya wa seng'enge.

Wipeti ndiye nusu isiyobadilika katika ulinganisho huu, kwa hiyo inafaa kumfahamu kwanza. Alipata umbo lake la sasa katika karne ya 19 kaskazini mwa England, mikononi mwa wachimbaji makaa na wafanyakazi wa viwandani, ambao walimkimbiza katika njia iliyonyooka ya yadi 200 hivi kuelekea kitambaa kilichopungwa na mwenyewe. Walimpata kwa kuchanganya mbwa wadogo wa jamii ya greihaundi na mbwa wengine, teria wakiwamo, hivi kwamba anayempandisha leo na teria hamletei damu ngeni bali humwongezea ile ambayo tayari anayo. Kwa kipimo cha Kennel Club, chama cha Uingereza kinachosajili mbwa wa koo safi, dume huwa na kimo cha sentimita 47 hadi 51 na jike 44 hadi 47. Mwendo wake hufikia kilomita 55 kwa saa, na jambo lenye thamani zaidi kwa mwindaji wa sungura ni kwamba huufikia mwendo huo katika hatua chache tu.

Upungufu wake unajulikana na kila aliyemtumia shambani. Ngozi yake ni nyembamba na huchanika kwa urahisi, nywele zake fupi hazimkingi na mvua ya Januari, na kwa kuwa hutegemea macho kuliko pua, sungura akiingia kichakani wipeti wengi husimama wakishangaa. Teria analetwa ili ajaze mapengo hayo: pua, ngozi nzito, ushupavu wa kuingia miibani, na uvumilivu wa kazi ya kutwa. Bei ya msaada huo ni mwendo unaopungua kidogo, pamoja na hatari ya kupata kelele, ukaidi, ugomvi na papara ya kuchimba. Kila teria huja na faida na hasara hizo zote, ila kwa vipimo tofauti, na kuchagua lacha mdogo ni kuchagua vipimo hivyo. Mimi huona kwamba wanunuzi wengi hupoteza muda wakijadili kasi, ilhali machotara wote wanne wana kasi ya kutosha kumkamata sungura aliyekosea njia. Kinachotofautisha mbwa mwenye manufaa na mbwa msumbufu ni tabia, na tabia hiyo kwa sehemu kubwa hutoka kwa teria.

Bedlington, na kwa nini wengi huanzia kwake

Chotara wa wipeti na Bedlington ndiye aliyezoeleka kuliko wote, na sababu zake ni za kweli. Bedlington alitokea Northumberland, kaskazini mashariki mwa England, katika sehemu za Rothbury, na jina lake ni la mji wa wachimbaji makaa wa Bedlington. Hafanani na teria wa kawaida, kwani miguu yake ni mirefu, mgongo wake hupinda juu kiunoni kama wa mbwa wa mbio, kimo chake ni sentimita 41 hivi na uzito wake ni kilo 8 hadi 10. Wengi huamini kwamba damu ya wipeti iliwahi kuingizwa kwake zamani, na anayemtazama akikimbia hapati shida kuliamini hilo. Kwa kuwa wazazi wanakaribiana kimo na umbo, watoto wao hutoka wakiwa na uwiano mzuri wa miguu na kifua, na mfugaji anaweza kukisia ukubwa wao kwa uhakika zaidi kuliko katika michanganyiko mingine mitatu. Wengi huishia kati ya sentimita 43 na 51, kimo kinachotosha kuruka ua wa mawe na kumbeba sungura mzima bila kumburuta.

Manyoya ni faida ya pili. Bedlington ana nywele laini zilizochanganyika na zile ngumu, zenye kujisokota na zisizopukutika sana. Watoto wa kizazi cha kwanza kwa kawaida hupata nywele ndefu kuliko za wipeti, zenye ndevu kidogo mdomoni, na hizo huwakinga na miiba na upepo. Wengi huzaliwa wakiwa weusi au wa kahawia kisha hupauka na kuwa wa kijivu wanapokua. Nywele hizo, hata hivyo, hushika tope na mbegu za magugu, hukauka polepole, na humtaka mwenyewe awe na subira ya kuzichana baada ya kazi. Mtu anayerudi nyumbani usiku akiwa amechoka na akamfungia mbwa huyu bandani akiwa bado amelowa anampotezea faida ileile aliyomnunulia.

Kwa tabia, Bedlington ni mtulivu nyumbani na mwenye moto mkali kazini. Chotara wake hutumia pua vizuri, huingia kichakani bila kusukumwa, na kwa kawaida hukimbia kimya, jambo ambalo mwindaji wa usiku hulithamini kuliko kasi, kwa maana mbwa anayebweka akifukuza huwatahadharisha sungura wote wa konde lile. Akichokozwa na mbwa mwingine, hata hivyo, hakubali kushindwa, na anayekusudia kufuga madume wawili pamoja afikiri mara mbili.

Yapo mambo mawili ambayo mnunuzi anapaswa kuyauliza bila kuona haya. La kwanza ni nasaba, kwa sababu Bedlington amefugwa kwa muda mrefu kwa ajili ya maonyesho, na katika koo hizo nywele zimezidi kuwa laini huku hamu ya kazi ikififia. Mzazi anayefaa ni yule ambaye mwenyewe hufanya kazi, na muuzaji mkweli hatakataa kumwonyesha akiwa shambani. La pili ni ugonjwa wa ini unaotokana na mrundikano wa shaba mwilini. Kasoro ya jeni inayousababisha ilitambuliwa mwaka 2002, na kuna kipimo cha vinasaba cha kuitambua. Mbwa huugua akirithi kasoro hiyo kutoka kwa wazazi wote wawili, hivyo chotara wa kizazi cha kwanza, ambaye mama yake ni wipeti asiye nayo, anaweza kuibeba lakini hawezi kuugua. Hatari huanza pale chotara wawili wa aina hii wanapopandishwa, au chotara anaporudishwa kwa Bedlington. Kipimo ni sampuli ya mate tu, na mfugaji anayekataa kukifanya hana hoja.

Border, kwa kazi ya mashimo

Teria wa Border alitoka katika vilima vya mpaka wa England na Uskoti, ambako alitakiwa kuwa na miguu ya kutosha kufuata farasi na mwili mwembamba wa kutosha kuingia pangoni mwa mbweha. Kennel Club ilimsajili mwaka 1920. Uzito wake ni kilo 5 hadi 7, kifua chake hutakiwa kuzungukwa na viganja viwili, na ngozi yake ni nene na nzito, sifa iliyoandikwa katika vipimo vyake rasmi. Kwa chotara wa wipeti, ngozi hiyo ni zawadi kubwa. Nywele zake ngumu kama waya hurithishwa kwa nguvu, kiasi kwamba watoto wengi wa kizazi cha kwanza hupata ndevu na manyoya magumu kiasi, yasiyoshika tope kama yale ya Bedlington.

Ninamweka Border mbele ya wote kwa mtu ambaye kazi yake kuu ni kuwinda kwa fereti. Katika kazi hiyo mbwa hutakiwa kuonyesha shimo lenye sungura ndani, kisha kusimama kando bila kuchimba, bila kukanyaga nyavu na bila kumgusa fereti anapochomoza, hata ikibidi kungoja saa nzima. Border alilelewa kufanya kazi katikati ya kundi kubwa la mbwa wa kuwinda mbweha na kungoja zamu yake, na subira hiyo huonekana kwa watoto wake. Huishi vizuri na mbwa wengine na watoto wa nyumbani, na hufundishika kwa sauti ya upole kuliko kwa ukali. Yeye pia ndiye wa polepole zaidi kukomaa. Anayemlazimisha kazi kabla hajatimiza mwaka atamvunja moyo, na atamhukumu kimakosa kuwa mvivu.

Kasoro ya mchanganyiko huu ni kwamba wazazi hutofautiana sana kimo. Baadhi ya watoto hutoka wafupi na wazito wa mbele, wenye moyo wote wa kazi lakini wasio na miguu ya kumfikia sungura aliyekwisha kupata hatua kumi. Ndiyo maana wafugaji wengi humrudisha chotara wa kwanza kwa wipeti, wakapata mbwa mwenye robo tatu za wipeti na robo ya Border, na kwa maoni yangu huyo ndiye lacha mdogo aliyekamilika kuliko wote walio katika ulinganisho huu, ingawa hapatikani kwa wingi kama wa Bedlington. Kiafya, ukoo wa Border una maradhi ya mitukutiko ya misuli ambayo kwa wengi hutulia wakiondolewa vyakula vyenye gluteni, yaani vya ngano na jamii yake. Una pia ugonjwa wa ubongo wa watoto wachanga, wanaozaliwa wakitetemeka, ambao kipimo chake cha vinasaba kipo.

Jack Russell na Patterdale

Jina la Jack Russell linatokana na kasisi John Russell wa Devon, aliyeishi kuanzia mwaka 1795 hadi 1883 na kufuga teria weupe wa kuwinda mbweha. Leo jina hilo hufunika mbwa wa maumbo mengi, kuanzia wale wa sentimita 25 wenye miguu mifupi hadi ndugu zao waitwao Parson Russell, ambao hukaribia sentimita 36. Kwa ajili ya lacha ni hao warefu, wenye miguu ya mbele iliyonyooka, ndio wa kutazamwa. Ukimchukua mfupi, unanunua mbwa wa zizini mwenye jina la lacha.

Chotara wake ana akili nyepesi, haraka ya ajabu na pua nzuri, na kwa panya hana mpinzani. Mtu mwenye shamba dogo, mabanda ya kuku na ghala la nafaka, ambaye sungura ni shughuli yake ya mara mojamoja, atapata faida kubwa kwake kuliko kwa Bedlington. Weupe wake husaidia aonekane gizani na vichakani. Ila ni mpiga kelele. Hubweka akingoja, hubweka akifukuza, na mbele ya shimo huanza kuchimba kabla fereti hajatolewa sandukuni. Mafunzo hupunguza hali hiyo bila kuiondoa. Mbwa yeyote anayeua panya achanjwe dhidi ya leptospirosisi, ugonjwa ambao wasomaji wa Tanzania wanaufahamu kwa jina la homa ya mgunda na ambao humpata pia binadamu kupitia mkojo wa panya. Wazazi wa ukoo huu wapimwe jeni la kuteguka kwa lenzi ya jicho, kwa kuwa mbwa aliyerithi kasoro hiyo pande zote mbili anaweza kupofuka.

Patterdale ni wa vilima vya Cumbria, ambako alifugwa awakabili mbweha waliokula wana-kondoo ndani ya mapango ya mawe. Kennel Club haimsajili, na wanaomfuga hawaoni hasara yoyote kwa hilo. Ni mgumu, mwenye nywele fupi au zilizochanganyika, na hana simile. Chotara wake hupata mwili imara na ushupavu usio na mipaka, lakini ushupavu huo ulitengenezwa kwa ajili ya adui anayeuma, nao huponda mawindo madogo, huanzisha mapigano na huzaa mbwa anayetaka kuingia kila shimo analoliona. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza jibu langu ni hapana. Kuna sababu ya kisheria pia: mnyama wa Ulaya wa jamii ya nyegere, aitwaye baja, hulindwa na sheria ya mwaka 1992, na kumwingiza mbwa katika shimo lake ni kosa la jinai. Chotara wa Patterdale asiyeitikia wito humweka mwenyewe karibu na kosa hilo kila anapotoka.

Kiasi cha damu, na mambo ya kukagua

Kizazi cha kwanza, yaani nusu kwa nusu, ndicho chenye kutabirika zaidi, mradi wazazi wote wawili wawe wa koo safi. Robo tatu za wipeti huongeza mwendo na wepesi wa kufundishika, na hupunguza kelele, lakini hurudisha ngozi nyembamba. Hufaa zaidi kwa Jack Russell na Border kuliko kwa Bedlington, ambaye hahitaji kusahihishwa kimo. Chotara kwa chotara huleta watoto wa kila namna katika uzazi mmoja, mmoja mwenye umbo la wipeti na mwenzake wa teria, na anayenunua humo awe na jicho la kuchagua, au awe na rafiki mwenye jicho hilo. Mama na awe wipeti kila inapowezekana, kwa sababu jike mkubwa aliyepandwa na dume mdogo huzaa kwa usalama, ilhali jike wa Border anayebeba watoto wa wipeti anaweza kuhitaji kupasuliwa.

Upande wa wipeti nao una swali lake. Katika koo za mbio kuna badiliko la jeni, lililoelezwa na watafiti mwaka 2007, ambalo mbwa akirithi nakala moja huwa na misuli na kasi zaidi, na akirithi nakala mbili huwa na misuli mizito kupita kiasi. Mama mwenye nakala moja hatamdhuru mtoto wa teria, lakini jambo hilo lijulikane kabla chotara hawajapandishwa tena na wipeti wa koo hizo.

Katika England na Wales sungura wa mashimo na panya huwindwa kwa mbwa kwa ruhusa ya mwenye ardhi, na ruhusa ya maandishi ni bora kuliko ya mdomo. Uskoti ina sheria yake ya mwaka 2023, iliyo kali zaidi, inayomhusisha hata sungura wa mashimo, kwa hiyo anayeishi huko aisome kabla ya kununua mbwa kwa kazi hii. Kondoo ni suala lisilo na msamaha popote, kwani sheria humpa mfugaji nafasi ya kumpiga risasi mbwa anayewasumbua asipokuwa na njia nyingine, na mtoto wa lacha hupaswa kuzoeshwa kuwapita kondoo akiwa amefungwa kamba tangu anapomaliza chanjo.

Unapokwenda kumtazama mtoto wa mbwa, mtake muuzaji akuonyeshe mama yake palepale alipozalia, na uhakikishe kwamba amewekewa chipu ya utambulisho, ambayo ni lazima afikapo wiki nane. Mtazame mama anavyompokea mgeni. Mguse mtoto masikio na miguu uone kama anavumilia kushikwa, kwa kuwa mbwa wa miibani atahitaji kukaguliwa kila jioni. Kisha muulize muuzaji swali moja kuhusu teria aliye baba: je, akiwa mbele ya shimo husimama au huchimba?